Kareri ya kokoto karibu na nyumba: pimeni visima kabla ya baruti ya kwanza

Dada, umesema watu wa kampuni walikuja na ramani, wakaahidi kazi kwa vijana, na sasa unauliza kama kuna la kufanya kabla kareri, yaani machimbo ya mawe, haijafunguliwa. Lipo. Sisi wa upande wa barabara ya Kipushi tulichelewa, ndiyo maana nakuandikia kwa urefu.

Kwenye mkutano wetu na kampuni tulizungumza kazi na fidia ya mashamba tu. Maji hakuna aliyeyataja. Mahali pengi hapa Lubumbashi mwamba ni chokaa na dolomia, una mianya ndani. Shimo likishuka chini ya usawa wa maji, wanayavuta kwa pampu, na visima vya jirani vinapungua. Kamba ya kisima cha mama ilikuwa na mafundo, moja kila mita. Zamani ndoo iligusa maji kwenye fundo la saba, hata mwezi wa kumi mvua zikiwa bado. Kiangazi cha pili cha konkaseri, mashine ya kusaga mawe, ikafika fundo la kumi na moja, ikapanda na tope. Tulipolalamika, mhandisi wao akauliza: mlipima lini, na nani alishuhudia? Hatukuwa na karatasi hata moja. Nyufa za ukutani nazo wakasema ni za zamani.

Kwa hiyo pimeni sasa, shefu wa kartie (kiongozi wa mtaa) akiwepo na kutia sahihi. Pimeni mwishoni mwa kiangazi na tena baada ya mvua, maana watalinganisha mwezi unaowafaa. Kuta pigeni picha, rula ikiwa kando ya kila ufa.

Kibali cha madini peke yake hakitoshi. Sheria ya mazingira ya Kongo, namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011, inadai uchunguzi wa athari kwa mazingira na jamii ufanyike kwanza, pamoja na mpango wa kuzidhibiti, na wananchi waulizwe maoni yao. Anayekagua uchunguzi huo ni ACE, wakala wa mazingira wa taifa. Ombeni kuusoma. Tafuteni kurasa za maji: pampu itavuta kiasi gani, na kisima kikikauka nani analipa? Maoni yenu yaandikeni nakala mbili, moja ibaki kwenu ikiwa na muhuri wa kupokelewa. Ya mdomoni hayahesabiwi.

Vumbi msilichukulie kirahisi, linaingia mapafuni. Lengalenga (mchicha) ya shangazi ilikuwa nyeupe kama imemwagiwa unga, sokoni wateja wakaipita. Upepo wa kiangazi hapa unatoka kusini-mashariki. Konkaseri ikiwekwa upande huo wa nyumba, mtalila vumbi miezi yote ya ukavu. Daini ihamishwe kwenye mchoro, na mawe yanyunyiziwe maji yanaposagwa. Ikishasimikwa kwa saruji, hakuna atakayeisogeza.

Barua yetu ya pili ya malalamiko, ile iliyopigwa muhuri, bado ninayo. Ukiitaka niandikie, nitakutumia nakala.