Huna mashine ya kupima umri wa zirkoni? Anza na karai

Mwanafunzi mmoja wa jiolojia huko Kilifi kaniandikia juzi: "Kaka, nataka kufuatilia asili ya mawe ya mchanga ya huku kwetu, lakini chuo hakina mashine ya kupima umri wa zirkoni. Niache?" Usiache. Mimi pia niliambiwa niache.

Zirkoni ni punje ndogo za madini magumu zilizomo ndani ya mchanga, na umri wake husaidia kujua mchanga ulitoka wapi. Mashine ya kuupima sote tunaitamani, tusidanganyane. Lakini mawe yenyewe yako mlangoni. Shika barabara ya Nairobi kutoka Mombasa: Mazeras, Mariakani, Maji ya Chumvi, Taru. Ndiyo majina waliyopewa matabaka ya mawe ya Duruma, yaani mawe ya mchanga ya huku pwani, na kadiri unavyoingia bara ndivyo jiwe linavyozidi ukongwe. Ya Mazeras ndiyo yale mafundi wanayotandika barazani.

Nilitwanga vipande kwenye kinu cha chuma, nikachekecha, nikaosha kwa karai uani. Kwatzi, madini ya kawaida ya mchanga, ni nyepesi, huondoka na maji. Zirkoni ina uzito wa karibu mara 4.7 ya maji, hivyo hubaki chini pamoja na weusi wa madini mengine. Funga sumaku kwa karatasi, ipitishe juu, magnetaiti yote inanasa. Kilichosalia kiweke chini ya hadubini, na hapo ndipo penye utamu. Punje moja ilikuwa na ncha kali pande zote mbili, kama penseli iliyochongwa huku na huku. Ya pembeni yake imeviringika, ngozi imefifia kwa kugongwagongwa. Jiwe ni moja, safari ni mbili. Hiyo ya pili huenda ilishawahi kulala ndani ya jiwe jingine kabla ya kusombwa tena.

Mhadhiri mmoja alichungulia slaidi zangu akatamka mbele ya wenzangu: ganeti, madini mazito mengine, ni haba, basi mchanga huu haukutoka upande wa Taita. Ganeti! Taita zimejaa, sikatai, lakini zikifukiwa kina kirefu maji ya ardhini huzila zikaisha, huku madini sugu kama zirkoni, turmalini na rutili yakidumu. Nilisema hivyo. Nikaambiwa nikae. Inaniuma mpaka leo. Mwezi uliopita jarida limekubali makala yangu, na ile aya ya ganeti haikuguswa hata nukta.

Basi sikiliza, dada yangu. Osha taratibu. Andika jina la mahali kwenye mfuko ungali palepale machimboni. Osha taratibu, narudia, wala usitwange mpaka unga, maana ncha zikivunjika punje haina la kukwambia. Na siku ukiipata mashine, usije ukaringa na grafu za rangi ukasema umri wa zirkoni ndio umri wa jiwe. Zirkoni za Jack Hills, Australia, zina hadi miaka bilioni 4.4, nazo zimo ndani ya jiwe lililofanyika zaidi ya miaka bilioni moja baadaye. Unachopewa ni mpaka tu: jiwe haliwezi kuwa kongwe kuliko zirkoni yake changa kabisa.

Ukifika Mazeras, muombe ruhusa mwenye machimbo, uyaache matabaka ya kokoto, uchukue yenye mchanga mdogo. Humo ndimo madini mazito hujikusanya zaidi.