Kampuni haikuwa hewa, ila haikuwa kampuni

Wiki hii mmeuliza: "Utaitambuaje kampuni hewa?" Mimi nahofia zaidi biashara halali kabisa ambayo anayeikopesha hajui imesajiliwa kama nini. BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni Tanzania, inatoa cheti cha kampuni chini ya Sheria ya Makampuni, Sura ya 212, na cha jina la biashara chini ya Sheria ya Usajili wa Majina ya Biashara, Sura ya 213. Watu wanavichanganya kila siku.

Kuna kesi ya mama mmoja wa mchele, Kariakoo. Alipeleka tani 6 kwa mkopo wa siku 30. Juu ya LPO, yaani hati ya kuagiza bidhaa, kuliandikwa "Company Limited" kwa herufi kubwa, na cheti kilitundikwa nyuma ya meza ya mhasibu. Akakipiga picha. Ukiikuza picha hiyo unasoma wazi: usajili wa jina la biashara, na neno "Limited" halipo. Siku zikapita, simu zikawa hazipokelewi. Wakili akaishtaki ile "Company Limited". Upande wa pili ukaonyesha kwamba kampuni hiyo haimo kwenye daftari la msajili. Shauri likatupwa.

Nilitaka kuandika kwamba mwenye jina la biashara asikopeshwe. Lakini shauri la pili lilifunguliwa dhidi ya mwenye biashara mwenyewe, na lori lake la Fuso likakamatwa. Jina la biashara halina nafsi ya kisheria, kwa hiyo deni ni lake na mali zake zimo hatarini. Angekuwa mwanahisa wa kampuni yenye ukomo wa dhima (Limited), deni lingeishia kwenye mali za kampuni, na Fuso lenye jina lake lingebaki barabarani.

Kwa hiyo, kwa mkopo mdogo, afadhali huyo wa jina la biashara, ilimradi nyumba yake inajulikana na jina lake kamili limo kwenye mkataba. Akifariki, jiandae kuhangaika na msimamizi wa mirathi. Kwa mkataba wa miaka, kampuni ni bora, maana haifi na mwenye nayo.

Vyovyote vile, ingia mfumo wa usajili wa BRELA, tafuta kwa namba ya usajili, lipia upekuzi rasmi. Soma wakurugenzi, wanahisa, na kama taarifa za mwaka zinawasilishwa, maana kampuni isiyoziwasilisha inaweza kufutwa. Linganisha cheti, TIN na leseni herufi kwa herufi. Kampuni ikitaka mzigo mkubwa kwa mkopo, mkurugenzi asaini dhamana binafsi, yaani ahadi ya kulipa yeye mwenyewe kampuni ikishindwa, kabla gari halijapakiwa.