Nenosiri la faili la Access lilivyoniumbua

Kwa miaka kadhaa nilitunza faili la Access, programu ya hifadhidata ya Microsoft, lililokaa kwenye folda ya pamoja, likitumiwa na watu kumi na wawili. Nililitia nenosiri refu, nikaona kazi imekwisha. Siku moja mwenzangu akanijia na flashi mkononi: "Kaka, nililibeba nikafanyie kazi nyumbani, nenosiri likanitoka. Nikashusha kiprogramu, kikanitajia papo hapo." Alisema kwa nia njema kabisa. Jasho lilinitoka mimi.

Faili lenyewe lilikuwa la mdb, muundo wa zamani. Humo nenosiri hukaa mwanzoni mwa faili, limefichwa kwa mbinu nyepesi iliyokwisha julikana zamani. Hata ukiandika herufi ishirini, linasomeka kwa sekunde.

Nikahamia accdb, muundo uliokuja na Access 2007, ambao nenosiri lake husimba faili zima, yaani halisomeki bila nenosiri hilo. Kuliweka kunataka faili ulifungue peke yako, kwa hiyo ngoja watu watoke. Hapo urefu wa nenosiri una maana kweli.

Nikatulia tena, mapema mno. Nilikuwa nimeligawa faili sehemu mbili: majedwali kwenye seva, fomu kwenye kompyuta ya kila mtu. Jioni moja nikachungulia jedwali lililofichwa liitwalo MSysObjects, safu ya Connect, inayotunza jinsi fomu zinavyoyafikia majedwali ya seva. Nikakuta PWD= na nenosiri langu mbele yake, herufi kwa herufi, bila hata kificho. Kila mwenye fomu alikuwa nalo.

Haki za folda zibane, hilo halina mjadala: ondoa kundi la Everyone (yaani kila mtu), baki na wahusika tu. Lakini wahusika hao lazima wawe na haki ya kuandika, maana Access huunda humo humo faili la laccdb, la kufuatilia nani yumo. Na anayeweza kulifungua faili anaweza kulinakili.

Ndiyo maana majedwali ya mishahara niliyahamishia SQL Server Express, programu ya Microsoft ya hifadhidata za kwenye seva. Ni ya bure, hadi toleo la 2022 kikomo chake kilikuwa GB 10 kwa kila hifadhidata, na kwetu zilitosha na kubaki. Fomu zilibaki za Access, ila kila mtu anaingia kwa akaunti yake ya Windows, hivyo hakuna nenosiri la kuandikwa popote. Mtu akiondoka, unafunga akaunti moja tu.

Baada ya hayo yote, kwenye folda ya bakapu nilikuta nakala tano za lile faili la mdb, zikiwa na mishahara yote.