Mswada wa Kiswahili: wakala au mchapishaji?

Kaka wa Shela, umeuliza kama riwaya yako uitafutie wakala Uingereza, yaani mtu wa kukuuzia mswada kwa wachapishaji, au uipeleke mwenyewe kwa mchapishaji Nairobi. Peleka Nairobi. Wachapishaji wa Kenya hupokea miswada moja kwa moja kutoka kwa waandishi, na wakala wa London hauzi asichoweza kusoma. Huko London utahitaji kwanza sura zilizotafsiriwa kwa Kiingereza. Kamisheni ya mawakala hao kwa kawaida ni asilimia 15, na 20 kwa haki za kitabu zinazouzwa nchi za nje. Anayekudai ada ya kusoma, mkimbie.

Barua ya kuutambulisha mswada isizidi ukurasa mmoja. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: "Riwaya yangu inahusu mapenzi na utamaduni wa pwani." Mhariri ataishika wapi hiyo? Mwambie nani anataka nini na nani anamzuia: "Nahodha wa Matondoni anakataa kuuza jahazi la marehemu babake, na mkwewe ana hati ya deni." Kisha idadi ya maneno, aina ya kitabu na msomaji wake. Sifa za kujipa mwenyewe ziache.

Muhtasari ni kitu kingine: huo lazima utaje mwisho wa hadithi. Ukiuficha, mhariri hajui kama umeweza kuifunga. Ambatanisha sura tatu za mwanzo, si zile unazozipenda, ila kama wameomba mswada mzima.

Na kama wahusika wako wanasema Kiamu, lahaja ya Lamu, eleza kwa sentensi moja kwamba ni kusudi. Usipoeleza, msanifu wa lugha atayaona maneno yao kuwa makosa na kuyanyoosha yote kuwa Kiswahili sanifu.