Barua kwa mwanangu: wanatafuta nini kwenye ubongo wa mtu aliyekufa

Mwanangu Hadija,

Meseji yako nimeisoma mara mbili. Unauliza hao wanaochukua ubongo wa marehemu wa alzaima, ule ugonjwa wa kusahau, wakaukata na kuuchorea ramani wanatafuta nini wakati mtu keshakufa, na je bibi yako itamsaidia. Nakujibu kama mtu niliyezeekea maabara nikipaka rangi slaidi.

Jana bibi alikuwa barazani anabangua korosho, anagonga na kile kichuma chake mara moja tu punje inatoka nzima, we ungepasua zote. Akanipa moja, akaniangalia usoni, akauliza "we mtoto wa nani?" Mikono inakumbuka, mimi aliyenizaa sikumbukwi. Sasa swali lao ndo hilo hilo, manake ugonjwa hauvamii ubongo mzima kwa mpigo, unaanzia sehemu za kumbukumbu, hipokampasi na jirani zake, zile za kuendesha mikono zinaguswa mwishoni mwishoni. Kwanini pale?

Daktari Alois Alzheimer mwenyewe, ambaye ugonjwa unaitwa kwa jina lake, mwaka 1906 alitumia rangi ya madini ya fedha akaona mabonge nje ya seli na nyuzi zilizojisokota ndani, saivi tunaita amiloidi na tau, ila rangi haikwambii seli ya pembeni yake inafanya nini. Baadaye watu wakawa wanasaga kipande kizima ili wasome jeni, na hapo ni kama korosho za amcos, chama chetu cha ushirika, tu, ukishamwaga za kijiji kizima ghalani ukakuta mbovu utajuaje ni mti wa nani ulioliwa na ule ugonjwa wa ubwiri unga?

Mwaka 2016 wataalamu wa Sweden wakatoa ujanja wao. Kipande chembamba kuliko unywele kinalazwa juu ya kioo chenye vidoti kibao, kila kidoti na alama yake ya kukitambulisha, RNA, yaani nakala za jeni zinazofanya kazi, ikitoka kwenye seli inanasa kwenye kidoti cha chini yake, mashine inasoma, kompyuta inarudisha kila jeni mahali ilipokuwa. Mi ningekuwa kijana ningehamia huko, walahi.

Na wanapata vitu. Taasisi ya Allen kule Seattle walichunguza ubongo wa watu 84, kazi ikatoka 2024, wakaona kuna aina ya seli za breki, zile za kuwatuliza wenzao, zinapungua mapema kabisa mabonge yakiwa bado machache. Mimi na darubini yangu nisingeziona hata siku moja.

Bibi haimsaidii, nisikudanganye. Ila angalau yule aliyetuambia ni uzee tu, na yule jirani aliyesema karogwa, wote nina la kuwajibu.

Korosho zake nakutumia na basi la kesho kutoka hapa Masasi, kilo mbili. Ukipiga usimuulize kama anakukumbuka, mtajie jina lako halafu muulize habari za mabibo, ataongea mpaka salio liishe.

Mama yako