Usinunue simu ya 5G kabla ya kujua bendi

Ndugu, umeuliza kama ununue simu ya 5G sasa au usubiri kampuni yako iwashe mtandao huo mtaani kwako. Subiri. Ulizia kwanza watatumia bendi ipi (yaani masafa ya redio ambayo mtandao unarushia mawimbi), kisha ilinganishe na orodha ya bendi za simu unayoitaka. Isipokuwepo, utabaki kwenye 4G hata mnara ukiwa mlangoni. Bendi ya n78 (karibu 3.5 GHz) ina kasi kubwa lakini hudhoofika sana ikipita kuta, n28 (700 MHz) hufika mbali, kasi ni ndogo.

Kwa sasa pima kasi ya intaneti uliyonayo alfajiri na saa mbili usiku. Ikishuka usiku tu, mnara umeelemewa. Ikiwa mbovu muda wote, angalia nguvu ya mawimbi kwenye mipangilio: -115 dBm kwenye 4G ni dhaifu, na ruta yenye antena ya nje itakufaa kuliko simu mpya. Mkataba mrefu kwa ahadi ya "hivi karibuni" usisaini.