Riale ya bibi yenye muhuri wa Hijaz

Katika sanduku la marehemu bibi tumekuta riale ya fedha yenye sura ya mwanamke na mwaka 1780. Juu yake pamegongwa neno "al-Hijaz" kwa Kiarabu. Ni ya zamani kiasi hicho? (Msomaji, Unguja)

Mwaka huo usikushughulishe. Mwanamke huyo ni Maria Theresa wa Austria, aliyefariki 1780, na riale zake ziliendelea kupigwa kwa mwaka uleule hadi karne ya 20, maana watu wa Bahari ya Sham na wa pwani yetu walishaizoea sura yake. Kilicho adimu ni huo muhuri. Juni 1916 Sharifu Hussein bin Ali wa Makka aliwaasi Waturuki, na mwaka haukwisha akajitangaza mfalme. Jina la nchi yake, Hijaz (upande wa Makka na Madina), likagongwa juu ya fedha zilizokuwa mikononi mwa watu.

Mbona hakupiga sarafu zake mwenyewe? (Msomaji, Tanga)

Alipiga, ila baadaye. Zimeandikwa 1334, mwaka wa Kiislamu alioasi, pamoja na namba ya mwaka wa utawala. Nyingi zina 8, yaani zilitoka kama 1923. Kabla ya hapo, chuma kilichochongwa neno moja na nyundo vilitosha. Hata sarafu za Kituruki ziligongwa hivyo: tughra, yaani saini ya mapambo, ya sultani aliyeasiwa ipo palepale, na jina la nchi mpya limo kwenye fedha ileile. Mimi huiona hiyo kuwa tangazo la uhuru lililo wazi kuliko barua yoyote.

Nasikia nyingi ni bandia. Nitajuaje? (Msomaji, Mombasa)

Umesikia kweli, na hasa zilizogongwa juu ya riale. Riale yaweza kuwa halali na muhuri ukawa wa juzi. Ipime kwanza: iwe karibu gramu 28. Kisha chukua lenzi. Ikiwa nywele za malkia zimelika hadi laini lakini kingo za herufi bado kali na zinang'aa, ingia shaka. Geuza upande wa pili: pigo la nyundo mara nyingi huacha bapa mkabala na muhuri. Na tafadhali, usiisugue kwa ndimu na majivu! Weusi uliotulia ndani ya herufi ni ushahidi, ukitoka haurudi.

Yangu imeandikwa "Najd". (Msomaji, Lamu)

Najd ni nchi ya katikati ya Arabuni, na muhuri huo unahusishwa na upande wa mtawala wake Abdulaziz ibn Saud, hasimu wa Hussein, aliyeingia Makka 1924. Jidda ikafuata Desemba 1925. Uchunguze vilevile, maana nao hughushiwa sana.